Fimbo Nilizompa Kaka Yangu

Wanaume wa mwaloni kwetu Kahendero, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, wana sheria mbili ambazo mpaka leo nikizikumbuka damu inanichemka. Ya kwanza, uzi mpya haukunjuliwi nchi kavu. Chombo cha kuvulia kikitoka dukani kinakwenda moja kwa moja majini, kimefungwa vilevile. Ukikivuta juu ya mchanga kabla hakijaonja ziwa, eti kinazoea vumbi na kusahau samaki. Ya pili, mwanamke asikiruke. Mwanamke akiruka uzi, ndoana au fimbo ya kuvulia, basi, kitu hicho kimekufa, na aliyekiua ni yeye.

Nimekulia ndani ya sheria hizo na nilizicheka tangu nikiwa mdogo. Lakini nyumba ya kaka yangu ilivunjika kwa sababu ya sheria hizohizo, na aliyeivunja ni mimi niliyekuwa nazicheka. Naandika haya kabla watoto wangu hawajaanza kuyasikia kwa watu.

Mimi nilisoma mpaka Senya Tatu, yaani kidato cha tatu. Kaka ndiye aliyenisomesha, kwa samaki aliovua, ngege na kambale, baada ya baba kufa. Nilipoacha shule nikapata kazi Kasese mjini, katika duka la mzee mmoja wa Kihindi karibu na stesheni ya reli. Tuliuza kila kitu: misumari, blanketi, taa za chemli, sabuni. Pembeni kulikuwa na kabati la vyombo vya uvuvi vya Wazungu, kwa ajili ya wakubwa wa mgodi wa shaba waliokwenda ziwani siku zao za mapumziko. Mzee alikuwa hajui lolote kuhusu kabati lile. Alikuwa anauza fimbo kama anavyouza ufagio.

Aliyenifundisha ni injinia mmoja wa mgodini, mtu wa upara na hasira. Alichoka kuuziwa vitu visivyofaa. Siku moja akapita nyuma ya meza bila kuomba ruhusa, akaniambia, "Wewe msichana, njoo uone." Na mimi nikaona. Sikusahau hata kitu kimoja.

Kuna kuvua kwa kurusha na kuna kuvua kwa kukokota. Anayerusha anasimama ufukoni, anatupa, anavuta. Anayekokota yumo ndani ya mashua, injini inakwenda polepole, na nyuma kabisa, hatua themanini au mia, kijiko cha bati chenye ndoana kinafuata kikimetameta kama samaki mgonjwa. Fimbo ya kurusha ni ndefu na nyepesi. Ya kukokota iwe fupi, izidi urefu wa mtu kidogo tu, shina nene, lakini ncha ilegee. Kwa nini ilegee? Kwa sababu samaki anauma akielekea huku na mashua inaelekea kule. Ncha ikiwa ngumu, lazima kitu kimoja kikatike: uzi, au mdomo wa samaki, au fimbo yenyewe.

Pete zinazopitisha uzi nilizipima kwa pamba mbichi. Wakulima wa Munkunyu walikuwa wakipita dukani na magunia yao, nikiokota nyuzi zilizodondoka. Unaipitisha pamba ndani ya kila pete taratibu. Ikinasa, kuna ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo utaukata uzi.

Halafu rili, kile kigurudumu kinachokusanya uzi. Kwa kukokota unataka ile nene kama pipa dogo, yenye kubeba uzi mwingi na breki inayosikia. Breki nilizipima kwa jiwe la mizani. Nafunga uzi kwenye jiwe la kilo mbili, naliweka sakafuni, navuta fimbo. Rili nzuri inatoa uzi pole pole, bila kushtuka. Rili mbaya inakataa, inakataa, halafu inaachia ghafla, au haiachii kabisa. Ndani yake kuna vipande vya ngozi, na rili iliyokaa dirishani mwaka mzima inapigwa na jua la Kasese, ngozi ile imekuwa kama ganda la muhogo.

Hayo niliyajua vizuri, wala sikukosea kwa ujinga.

Kaka alikuwa na mtumbwi wenye injini. Wakubwa wa mgodi walikuwa wamepoteza mtu wao wa kuwapeleka kila Jumapili. Si kwenye ziwa letu la Kahendero, ambalo ukishusha kasia unagusa matope, bali kupita ule mfereji wa viboko mpaka ziwa kubwa tunaloligawana na Kongo, lenye kina na semutundu, samaki wakubwa wale wa masharubu. Wakamwambia kaka: njoo na fimbo mbili na rili mbili zako mwenyewe, kwa wageni wanaokuja mikono mitupu. Jumapili moja tutakujaribu. Ukitufaa, kazi ni yako.

Ili apate pesa za fimbo, kaka akabadilishana na jirani yake. Akatoa nyavu zake zote. Zote, hakubakiza hata ya kuvulia mboga. Kisha akaja dukani akacheka mlangoni.

"Mwalimu, nimekuja shule."

"Umechelewa. Kengele imelia zamani."

"Basi nichape."

"Nitakuchapa na fimbo gani? Sema unayotaka."

Akainama juu ya meza, akashusha sauti kama mtu anayetaka kununua bangi. "Unajua mimi siwezi kuzijaribu. Nikivuta uzi mchangani pale mwaloni watanicheka mpaka Katwe wasikie. Wewe nijaribie hapahapa. Hapa ni sementi, si mchanga."

"Kwa hiyo sementi si nchi kavu?"

"Sementi ni ya Muhindi," akasema. "Sheria zetu haziko hapa."

Tukacheka sana. Nilimchagulia fimbo mbili fupi zilizokuwa zimeshuka kwenye treni wiki ileile, na rili mbili. Pamba haikunasa popote. Jiwe lilikwenda sakafuni taratibu mpaka kwenye magunia ya chumvi. Nikazifunga kwa karatasi ya kaki, nikazificha chini ya meza. Tukapatana aje kuzichukua Jumamosi.

Sasa, mume wangu. Mume wangu ni polisi, mtu wa mashariki, hajui Kikonjo chetu na mimi sijui lugha yake, ndiyo maana nyumba yetu inaongea Kiswahili. Wakati huo tulikaa kambini katika kile kibanda cha duara cha bati tupu wanachopewa askari wadogo. Saa sita mchana ukigusa ukuta unaungua. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne na mwili wote vipele vya joto, analia mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nikimfunika kitambaa cha maji, kinakauka kabla sijageuka. Na pale mbele, mstari wa pili, kulikuwa na nyumba ya matofali iliyobaki wazi baada ya sajenti mmoja kuhamishwa. Aliyekuwa akigawa nyumba ni afande mmoja tu.

Siku ya Alhamisi mume wangu akaja dukani na yunifomu yake, kofia mkononi.

"Mama mtoto, afande anataka kuenda ziwa. Anataka fimbo ya kukokota. Mbili."

"Ziko dirishani."

"Alikwisha ona ya dirisha. Anasema ile iko ya mapambo. Anasema, bibi yako anajua hii maneno, achague yeye."

"Nimeshachagua. Ni za shemeji yako."

"Shemeji atangoja treni."

"Hawezi kungoja. Jumapili hii ndiyo wanamjaribu."

Hakupaza sauti. Akageuza kofia mkononi, akaitazama ndani kana kwamba kuna barua. "Nyumba pia haiwezi kungoja. Kuna koplo anataka. Iko ya matofali, mama mtoto. Iko na dirisha mbili."

Kwa miaka mingi nimemlaumu yeye, kwa sababu yuko karibu na kulaumu mtu wa karibu ni rahisi. Lakini hakunishika mkono. Mimi mwenyewe niliinama, nikatoa karatasi ya kaki, nikampa. Ijumaa tukapewa ufunguo.

Jumamosi kaka akaja. Ningeweza kumwambia: kaka, zile nzuri zimekwenda, waombe wakubwa wakusubiri mpaka treni ijayo. Angekasirika, angenitukana kidogo, angewaomba. Labda wangekubali. Labda wangekataa, lakini angebaki na mikono yake. Badala yake nilitoa zile za dirishani, ndefu, ngumu, za kurushia, na rili zilizookwa na jua tangu sijaajiriwa. Nilikuwa nimezifunga tayari asizione vizuri.

"Umezijaribu?"

"Nimezijaribu."

"Na jiwe?"

"Na jiwe."

Akazipima kwa macho. "Mbona ndefu kuliko zile?"

"Hizi ni bora zaidi. Zile nilikuja kuona zina kasoro."

"Haya, wewe ndiye umesoma," akasema. Akanipa kambale wa kukaushwa aliyefungwa kwenye majani, wa supu, eti maziwa yangu yaongezeke kwa ajili ya mpwa wake yule mdogo. Akaziweka fimbo begani, akaondoka akipiga mluzi.

Ya Jumapili sikuyaona. Nilihadithiwa na wenzake, baadaye na yeye mwenyewe. Walipita mfereji vizuri, wakafika ziwa kubwa, wakashusha vijiko viwili. Semutundu wa kwanza alipouma, fimbo haikupinda. Ilikatika palepale kwenye kiungo, nusu ikaenda na uzi. Mgeni mmoja akacheka, mwingine akatukana. Baadaye kidogo fimbo ya pili ikapigwa na samaki mwingine. Rili ikakataa kutoa uzi. Ikakataa, ikalia, ikajifunga. Mgeni anapiga kelele, "Mshike! Mshike!" Kaka akaona kazi yake inazama, akaudaka uzi kwa mkono mtupu, akauzungusha kiganjani. Injini ilikuwa bado inatembea. Nailoni ikapita nyama mpaka mfupa.

Wageni walimkimbiza hospitali, siwezi kusema hawakumkimbiza. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Mtu asiyekunja vidole hawezi kufunga fundo, hawezi kushona wavu, hawezi kuwasha injini kwa kamba. Wakubwa wa mgodi walitafuta mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kahendero na sukari na mtoto mgongoni. Nikakuta kikao. Wanaume wa mwaloni wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, kaka katikati na mkono umefungwa kitambaa cheupe, na mbele yao, amesimama, wifi yangu.

Wifi alikuwa mtu wa Bwera, mrefu, mcheshi, na ulimi wake mkali kuliko wangu. Alikuwa ameolewa mwaka wa tatu na hajapata mtoto. Wanaume walikuwa wakiuliza jambo moja tu: nani aliziruka fimbo?

"Zililala kwenu Jumamosi," mmoja akasema. "Ziliwekwa wapi?"

"Chini, kando ya ukuta," wifi akajibu.

"Tumeuona urefu wake. Zilitoka ukutani mpaka zikavuka mlango. Asubuhi ulikwenda kuteka maji?"

"Nilikwenda."

"Ulipita wapi? Uliruka kama ndege?"

Wakacheka. Wifi hakucheka. "Nilizisogeza na mguu wa kiti, nikapita."

"Aa! Alizigusa!"

"Nilizisogeza, nimesema. Sikuziruka. Na nyinyi mnajua kusikia au mnajua samaki tu?"

Zile fupi nilizompa afande zingekaa kwenye kona bila kufika mlangoni. Hilo nililijua palepale, nimesimama na sukari yangu. Na wifi akageuka akaniona, uso wake ukapata nguvu, akanyoosha mkono kwangu.

"Huyu hapa! Wifi, si wewe uliyezijaribu dukani? Waambie. Waambie zilikuwaje."

Wote wakanitazama. Kaka akanitazama. Nilifikiria bati lile la moto, nilifikiria nyumba ambayo nilikuwa nimeshatundika mapazia. Nilifikiria uso wa kaka akijua. Nikasema, "Zilikuwa nzima."

Nilijua ninachosema. Kama zilitoka dukani nzima na zikafika majini mbovu, basi zilifia njiani, na njiani kulikuwa na mwanamke mmoja tu. Wifi alinielewa mbele ya kila mtu. Mkono wake ulibaki umenyooka kidogo, halafu akaushusha.

Kaka hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Nenda kwenu upumzike." Kila mtu alijua maana yake. Akaondoka na lori la chumvi mchana uleule.

Nyumba ya matofali ilikuwa na baridi nzuri. Mtoto alipona vipele. Nikazaa wengine wawili mlemle. Kaka alibaki mwaloni akikausha samaki wa watu wengine, analipwa kwa samaki, hakuoa tena. Nilipokwenda kumtembelea alinipa kiti kizuri na akaniita mwalimu kama zamani, na kila aliponiita hivyo nilitaka kupiga mtu kofi. Nikawa mkali kwa mume, mkali kwa watoto, mkali kwa wateja. Majirani wa kambini wakasema ndivyo walivyo Wakonjo. Niliwaacha waseme.

Ikapita miaka mitano. Siku moja ya soko nikaenda Bwera kutafuta vitenge vinavyovuka kutoka Kongo. Nikamkuta wifi kwenye safu ya mawese, amekaa nyuma ya madebe yake, mnene kidogo, sauti ileile, ila sasa anaongea Kiswahili cha mpakani. Aliniona kabla sijajificha.

"Ee, mama ya polisi! Umekuja kukamata nani?"

"Wifi."

"Mi si wifi ya mutu. Nunua mafuta ao toka mbele, unaziba jua."

Nikakaa chini kwenye debe tupu, bila kukaribishwa, nikamwambia yote. Afande, karatasi ya kaki, dirisha mbili, jiwe ambalo sikulivuta. Alikuwa akiwapimia wateja huku nasema, hakusimama hata mara moja. Nilipomaliza nikaanza kulia, akaniwekea kitambaa chenye mafuta magotini.

"Futa. Unafukuza wateja." Kisha akasema, "Unaniletea habari yangu mwenyewe? Mi nilijua sikuruka. Miguu iko yangu. Hiyo maneno nilitaka nisikie hapa Bwera? Batu ya hapa hawakunifukuza."

"Nisamehe."

"Kaseme kule. Mbele ya bale banaume. Vile ulisema mbele yao zilikuwa nzima, sema mbele yao zilikuwa mubovu."

"Nikisema, utarudi?"

"Sema kwanza. Kurudi haiko maneno yako."

Nilikwenda. Nilisema, nimesimama palepale alipokuwa amesimama yeye. Nilitegemea watakasirika, labda watanifukuza kwa mawe, nilikuwa nimejiandaa. Hawakukasirika hata kidogo. Mzee mmoja akasema, "Mwanamke anamtetea mwanamke mwenzake." Mwingine akauliza kama siku hizi samaki anapimwa kwa jiwe la dukani. Wakarudi kwenye nyavu zao. Kwao jambo lilikuwa limekwisha siku nyingi, na lilikwisha vizuri.

Kaka peke yake ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi kwa mkono wa kushoto.

"Huyo afande," akauliza, "alipata samaki?"

"Hakwenda. Alihamishwa kabla hajaingia majini."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Kisha akanawa mikono, akaenda kwa jirani kutafuta mbuzi. Kwetu mume aliyemfukuza mke bila kosa anakwenda kwa wakwe na mbuzi, anakaa chini kabisa, anaomba. Alitembea naye kamba mkononi mpaka barabarani, akapata lori la Bwera.

Siku tatu baadaye alikuja kwangu kambini. Nilikuwa natwanga karanga barazani. Mbuzi alikuwa naye.

"Hakukubali?" nikauliza.

"Alinipikia chai. Akampa mbuzi maji." Alizungumza akimtazama mbuzi. "Amesema hana kinyongo. Amesema siku ile alingoja nimuulize yeye, mimi mumewe, na mimi nikakutazama wewe. Amesema hawezi kurudi kwa mtu anayesubiri dada yake aseme ndipo aamini."

Akafunga kamba kwenye nguzo ya baraza. Fundo lilimshinda, akalijaribu tena kwa meno. Nikainuka nimsaidie, akanikataza kwa kichwa.

"Mleni," akasema. "Nyumba nzuri hii. Haina joto."

Hakuingia, hakunywa maji. Alipofika geti la kambi watoto wangu wakatoka ndani mbio, wakamwona mbuzi, wakaanza kushangilia na kugombana nani atamkatia majani.